Trei Juu ya Kiti

Kila Krismasi watu wa sinagogi la Zelig Prager huenda hospitalini, hapo Cleveland, kushika kazi ndogondogo ili Wakristo wakale sikukuu kwao. Mwaka huu Zelig aling'ang'ania ghorofa ya nne. Shirley Adelman, mpanga zamu, alimtazama kwa wasiwasi, maana huko ndiko alikofia Bluma, mke wake Zelig, mwaka jana.

“Una hakika? Nikupe mapokezi, ukae tu kama bwana harusi.”

“Nipe toroli la chakula, Shirley. Nimekaa vya kutosha.”

Kilichomsukuma hakukisema. Bluma alifariki Siku ya Upatanisho, ambayo Wayahudi hufunga kutwa mpaka jua lizame. Mwenyewe ndiye aliyemfukuza mumewe: nenda kafunge na kusali, mimi mgonjwa nitakula. Jua lilipozama Zelig alirudi mbio, akamkuta keshafunikwa shuka usoni. Kwenye kiti palikuwa na trei ya chakula, haijaguswa, kijiko bado kwenye karatasi yake. Tena walikuwa wamemletea samaki, na Bluma samaki hakuweza hata kuwanusa. Zelig akaitupa ile trei pipani kwa hasira. Tangu hapo alijua mkewe alikufa na njaa, huku yeye akisali. Hakumwuliza mtu, aliogopa kujibiwa.

Basi leo alikuwa kero tupu. Hakuacha trei na kwenda zake. Alifunua vifuniko, akakata nyama, akasimama hapohapo mpaka sahani iwe nyeupe.

“Mzee, hata mama yangu hakunisimamia hivi,” alilalamika dereva wa lori aliyevunjika mguu, chumba cha mwisho.

“Ndiyo maana umevunjika. Maliza viazi.”

Akiwa bado amemsimamia, mlangoni akatokea mwanamke mnene mwenye koti la kanisani na bakuli lililofungwa taulo. Alikuwa Wanda Sobczyk, mwenye toroli lile siku zote. Alikuwa ametoka misani, akaona si vibaya kumletea aliyemshikia kazi pierogi, vile viandazi vya kuchemsha vya kwao, vilivyojazwa viazi. Alipomwona Zelig aliitazama kofia yake.

“Wewe ni mume wa Bluma. Ulikuwa unakuja na kofia hiyohiyo. Pole sana, baba. Siku ile zamu yangu iliisha hujarudi. Chakula chako ulikikuta?”

“Chakula gani?”

“Ile trei kwenye kiti. Yule mama alikula supu yake yote, na mkate, kisha akaniambia, ‘Wanda, nitafutie trei nyingine, ya samaki. Mume wangu atarudi na njaa, na akiwa na njaa hasemezeki.’ Nikamwambia hairuhusiwi. Akasema, ‘Basi kaibe.’ Nikaenda nikaiba.”

Zelig alishika mpini wa toroli kwa mikono miwili. Alilia mbele ya watu, na hakuona haya.

Wanda alimngoja. Kisha akauliza, “Na leo je, umekula?”

Hakuwa amekula. Wanda akavuta kiti, akamkalisha, akafungua taulo. “Hazina nyama. Bluma alinifundisha mnavyokula.”

Zelig akachukua uma, akaweka moja mdomoni. Wanda akafunga mikono kifuani, akasimama.

“Usiondoke, mama,” alisema dereva kutoka kitandani. “Asibakize hata moja.”