Barabara Aliyoifagia Mama

Mama yangu ni mfagiaji wa barabara, na kwa kazi hiyo hana mpinzani. Akipita yeye, lami unaweza hata kuilalia. Ufundi wake, na wa wenzake wote, ni mtaro. Toroli lao lilishaharibika zamani, na msimamizi haangalii kingine ila uso wa barabara. Basi taka kubwa zinaokotwa, vumbi linasukumiwa kwenye tundu la mtaro, mvua inamalizia. Hakuna aliyewahi kuwaambia vingine.

Mimi nafuga chaza huko chini, mtaro unakomwaga maji yake baharini. Niliacha kupiga pasi nguo za watu kwa ajili ya vizimba hivyo, nikachekwa weee mpaka wenyewe wakachoka. Sasa mpishi mkuu wa hoteli alikuwa anakuja kuwaonja. Akiwakubali, chaza wangu wote ni wake, mwaka mzima. Akiwakataa, narudi kwenye pasi, na huu mdomo wangu wa kujigamba nitauficha wapi?

Mama alifurahi kuliko mimi. Siku moja kabla ya mgeni, bila kuniambia, aliifagia barabara yote ya kuja ufukweni, hata kipande ambacho siku hizi si chake, pale mbele ya kiwanda cha kusaga kreti chakavu za plastiki. Chembe za buluu zilikuwa zimetapakaa kama unga sakafuni mwa mashine ya kusaga. Zote akazisukumia mtaroni. Jioni ikanyesha mvua ya kufa mtu, naye akashukuru kwamba barabara itaoshwa vizuri.

Mpishi alifika, akaisifu barabara. Akafungua chaza wa kwanza. Juu ya nyama yake zilikuwa zimekaa chembe za buluu. Akafungua mwingine, na mwingine. Kisha akafuta kisu chake, akanipa pole kwa adabu zote, akaondoka. Adabu hiyo ndiyo iliyoniuma. Bora angenitukana.

Nilimwendea mama nimefura. Nikamwambia bila kumung'unya maneno kwamba ufagio wake umenimaliza. Hakubisha. Alinifuata mpaka kwenye mdomo wa mtaro, maji yakiwa yamekupwa, akapiga magoti kando ya vizimba na kuchimba tope kwa mkono. Juu buluu. Chini yake nyekundu. Akachimba tena: kijani, tope na rangi, tope na rangi, hadi kiwiko kikazama.

"Hizi nyekundu ni za mwaka ulioolewa," alisema. "Hizi za kijani nilizifagia nikiwa na mimba yako."

Hasira ikaniisha, ikabaki hofu. Kumbe haikuwa mvua ya jana peke yake. Jana zilizidi tu, ndiyo maana mpishi akaziona. Yeye alichungulia kabla ya kula. Sisi hatukuwahi kuchungulia, na wale chaza wadogo wasiouzika huwa tunawapika nyumbani.

Mama alibaki amepiga magoti, tope limejaa kiganjani.

"Huyu mjukuu wangu, mwanao," akaniuliza taratibu, "tangu aanze kula, tumekuwa tukimpa nini?"

Alikuwa analijua jibu. Alitaka tu mtu mwingine aliseme.

"Chaza, mama. Wewe ndiye unayemtafunia."