Siku Ngoma Ilipochanwa

Klabu yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji, mabenchi machache na jukwaa la mbao lisilopita magoti. Watu walikuja kusikiliza nyimbo za asili, lakini utamu hasa ulikuwa kujibizana: mwimbaji anarusha dongo, mwingine anapanda kumjibu, wanachambana kwa mashairi mpaka mmoja ashuke. Na kabla hajashuka, ngoma hainyamazi. Ndiyo sheria ya hapo.

Jioni ile Mshonaji alipanda na wimbo alioutunga kwenye cherehani. Mdogo wake alikaa benchi la mbele, mtandio umefunika jicho lililovimba, mkoba wa dada yake mapajani. Asubuhi alikuwa ametoroka kwa mumewe. Dada alimhakikishia kwamba mbele za watu hakuna atakayemgusa.

Mshonaji akaimba juu ya muuza nyama anayeshinda akivunja mifupa buchani, akirudi nyumbani mkono bado unamwasha. Watu wakacheka. Mlango ukafunguka, shemeji yake akaingia na aproni yenye damu. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakidhani ni mpinzani aliyejipamba kwa mchezo.

Akapanda jukwaani, akamsogelea sikioni. "Shemeji, nimemfuata mke wangu. Ila wewe nakuanza."

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Ukumbi ukapiga makofi. Ya pili ilimpeleka chini, na kisogo chake kilipogonga mbao, mtu wa nyuma akamtania asilale, ajibu. Shemeji akamkanyaga vidole vya mkono wa kulia, ule wa kushikia sindano, akausaga kwa kisigino kama anayezima sigara. Mshonaji alipiga yowe, lakini mdomo ulijaa damu, na ngoma ikameza kilichobaki. Mzee wa ngoma hupiga akiwa amefumba macho; aliposikia makofi yamepamba moto, akaongeza kasi.

Mdogo mtu peke yake hakudanganyika. Alizijua ngumi zile, alijua zinavyolia zikitua mbavuni. Miguu ilimwambia akimbilie mlangoni. Badala yake akatia mkono mkobani, akatoa mkasi wa kukatia vitambaa.

Mumewe akamwona akipanda, akatabasamu. "Umepata akili. Haya, twende nyumbani."

Mkewe akampita ubavuni kama hamwoni, akauzamisha mkasi katikati ya ngoma, akaichana ngozi mpaka ukingoni.

Kimya kikatanda. Ndani ya kimya hicho, kila mtu akasikia kiatu kikitua mbavuni, na mtu akikoroma kwa damu yake mwenyewe.

"Huu si mchezo," mdogo mtu akasema. "Anamuua dada yangu."

Benchi la kwanza kurushwa lilimpiga shemeji magotini. Waliokuwa wakicheka wakawa ndio wenye hasira kuliko wote, maana walikuwa wamempigia makofi. Walimburuta nje kwa aproni yake, kichwa kikigonga kila ngazi, na mlinzi wa gereji akamkalia mgongoni kusubiri polisi.

Mdogo mtu alipiga magoti, akauvua mtandio, akamfuta nao dada mdomo. Jicho lake lililovimba likaonekana na ukumbi mzima. Hakulificha.

Mzee wa ngoma alikuwa akipapasa ngozi iliyochanika. Mdogo mtu akaanza kumwomba radhi.

"Acha, mwanangu, tutawamba nyingine," mzee akasema. "Wewe utalala wapi?"

Mshonaji aliunyanyua mkono wake usioumia, akamshika mdogo wake kifundo cha mkono, akakaza.

"Kwa dada," mdogo mtu akajibu.