Ukuta Ulioishia Darini

Mwashi mstaafu alikuwa na ukuta mmoja aliousifu kuliko watoto wake. Uliikata nyumba pande mbili: huku yeye na mkewe, fundi cherehani, kule mwanawe na mkewe, nesi wa zamu za usiku. Nesi alilala mchana. Cherehani nayo ilifanya kazi mchana, na maneno yakaanzia hapo.

"Baba, nisamehe," mkwe alisema asubuhi moja, macho mekundu kama pilipili. "Jana nilisinzia na sindano mkononi. Nisipopata usingizi, mwisho wa mwezi tunahamia karibu na hospitali. Na mtoto pia."

Mtoto ndiye mjukuu wao pekee. Mwashi akakohoa.

"Ukuta ule, mwanangu, hata mbu akitaka kupita atazungukia mlangoni. Tatizo ni mama yako, anakanyaga pedali kama anafukuzwa."

"Mimi tena!" fundi cherehani akadakia, pini mdomoni. "Haya, nitashona kwa kunong'ona."

Cherehani ikawekwa juu ya godoro. Ukuta ukabandikwa trei za mayai, kabati likajazwa mablanketi na kusukumiwa hapo, matundu ya swichi yakazibwa. Mkwe akalala saa moja, akatoka amekumbatia mto.

"Baba, namsikia mama hadi akihesabu vifungo! Nimempata fundi, atakuja Jumamosi kuukagua ukuta."

Mwashi akatupia dari jicho. Alijua jambo ambalo hakumwambia hata mkewe: ukuta uliishia darini. Wakati wa kujenga, mvua zilikaribia na mafundi wa paa walishafika, akaukatisha. Juu ya mbao za dari nyumba nzima ilikuwa uwanja mmoja. Sauti ilipanda huku, ikashuka kule, bila hata kubisha hodi. Fundi mgeni angeinua ubao mmoja tu, na sifa zote zingekwisha.

Ijumaa, mkewe alipokwenda sokoni, mwashi akapanda ngazi na matofali. Miaka sabini na miwili. Magoti yalilia kuliko cherehani. Mkewe akarudi mapema, akakuta miguu inaning'inia kutoka darini.

"Unafanya nini huko, mzee?"

"Panya."

"Panya gani anajengewa kwa saruji?"

Kipande cha tofali kikadondoka.

"Ukuta haukufika juu," akasema hatimaye.

"Miaka thelathini na moja unausifu!"

"Uliopo ni mzuri."

Mkewe akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akajifunga nguo kiunoni, akaanza kumpa matofali.

"Lakini utamwambia mkwe mwenyewe," alisema. "Nikimwambia mimi, nitaongeza chumvi."

Akamwambia jioni ile ile, macho yakiangalia viatu. Mkwe hakucheka, alimpigia yule fundi asije. Siku tatu wazee wakajenga, mstari baada ya mstari, mpaka tofali la mwisho likabana chini ya bati.

Siku ya nne cherehani ilinguruma tangu asubuhi, na mkwe akalala mpaka jua likapoa. Akaja uso umenawiri.

"Hatuhami, baba. Asante." Akasita kidogo. "Ila kuna daktari kazini, naye analia na kelele za jirani. Anasema nyumba yao ulijenga wewe."

Mwashi akamgeukia mkewe kuomba msaada. Mkewe alikuwa ameshaenda kuchukua ngazi.