Bakteria wa Siku ya Pili

Kabla hata hajashuka kwenye gari, Dokta Mnuno alikuwa keshamdharau kila mtu aliyekuwamo ndani ya ule ukumbi. Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara, na hakulikataa, maana kununa ndiyo kazi pekee aliyoifanya kwa hiari. Aliwadharau majaji wa Tuzo ya Watafiti Chipukizi wa Elimu ya Bakteria, wazee ambao mara ya mwisho kushika sahani ya maabara nywele zao zilikuwa bado nyeusi. Aliwadharau washindani wenzake, waliokuwa wakihangaika mlangoni na mabango yao kwapani kama wachuuzi wa mikeka. Zaidi ya wote alimdharau Profesa wake, na huyo alimdharau kwa adabu kubwa: shikamoo kila asubuhi, na mkoba anampokea.

Alikuwa na sababu. Profesa alikuwa na mazoea ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefukuziwa. Akifika maabara, kabla hata ya kuvaa koti, huenda moja kwa moja kwenye kabati la joto, akatoa sahani za watu zilizolala humo usiku mmoja, akazifunua na kuzinusa. "Bakteria unamjua kwa harufu," husema, pua imebaki kidogo izame kwenye lishe ya bakteria. Kisha huanza kusimulia, sahani ikiwa wazi chini ya kidevu chake: habari za enzi zake, za mkewe, za goti lake linalomsumbua. Mdomo wake haukuwa na breki. Akimaliza huifunika, huirudisha kabatini, huchukua nyingine. Sahani zisizoota kitu hakuzigusa, kwa kuwa hazikuwa na cha kunusa.

Dokta Mnuno aliyaona haya siku zote, akauma meno, akanyamaza. Hakuna aliyeingia kwenye tuzo ile bila kupendekezwa na msimamizi wake, na msimamizi wake ndiye huyu mwenye pua. Mshindi angepewa maabara yake mwenyewe, chumba chenye mlango na ufunguo, na mtu mwenye ufunguo hakuna wa kumnusia sahani zake. Ili aupate ufunguo huo alikuwa tayari kuamkia mpaka ulimi uote sugu.

Kilichomfikisha pale ni bakteria wa manjano, rangi ya kiini cha yai, asiyefanana na yeyote aliyewahi kuandikwa. Alimpata kwenye maji ya mabomba ya wodi ya wazazi, hospitali kuu. Alipoyapanda matone ya maji yale kwenye sahani, siku ya kwanza waliota bakteria wa kawaida tu, wale wasiomdhuru mtu; siku ya pili ndipo yule wa manjano alipojitokeza. Sahani za kulinganishia, alizozitia maji yaliyochemshwa, zilibaki safi mpaka mwisho. Basi akaandika kwamba huyu ni bakteria mvivu, mwenye kujificha, na ndiyo maana wapimaji wa maji hawakumwona miaka yote. Majaji walilipenda sana neno hilo "mvivu". Hospitali nayo haikungoja tuzo. Ilifunga mabomba ya wodi nzima, wazazi wakawa wanachota maji kwenye tangi lililo nyuma ya jiko.

Mmoja wa wazazi hao alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja, aliyejifungua kwa upasuaji siku zilezile. Wauguzi walikuwa wachache, wanaume hawaruhusiwi wodini, kwa hiyo alibeba ndoo yeye mwenyewe, mshono bado mbichi. Mshono ukaachia, wakamrudisha mezani kumshona tena. Hata hakulalamika. "Bora mshono, Dada," alisema. "Sasa ningemwogesha mtoto na huyo mdudu wako?" Akawatangazia wodi nzima kwamba aliyewaokoa ni dada yake. Mpaka siku ya sherehe mabomba yalikuwa bado yamefungwa.

Sherehe zilikuwa za siku mbili, ya kwanza ya maonyesho, ya pili ya kutoa tuzo. Siku ya maonyesho kila mshindani alipewa meza, hadubini na kisanduku cha joto. Waandaaji walimwekea kila mtu sahani chache safi ili wageni waguse kwa vidole, zihifadhiwe kisandukuni, na kesho yake waje waone walichokuwa wamebeba mikononi. Mchezo wa chekechea, aliwaza Dokta Mnuno, na unawafaa kabisa hawa.

Profesa alifika na tai pana, akajiweka nyuma ya meza kana kwamba yeye ndiye anayeshindania. Mheshimiwa mmoja kutoka wizarani alipokaribia, Profesa alinyakua sahani safi, akaifunua na kuiinua hadi kidevuni.

"Mheshimiwa, hapa wewe unaona hamna kitu," alisema. "Lakini sisi wenye pua zetu, tunajua. Enzi zetu hakukuwa na mashine. Ilikuwa pua tu."

Alitoka kwenye pua akaingia kwenye enzi zake, akatoka huko akaingia kwenye goti. Mheshimiwa alicheka pale ilipobidi, akatazama saa, akaaga. Sahani ikafunikwa, ikatiwa kisandukuni pamoja na zile za vidole. Dokta Mnuno aliiandika juu "Profesa", kwa kejeli tu, ili kesho amwonyeshe mdogo wake uchafu wa mkubwa wake wapate cha kucheka.

Kesho yake mdogo wake aliwahi kufika, mtoto mgongoni, kitambaa kipya kichwani, na njia nzima kutoka mlangoni alikuwa anawaambia watu anaenda kwa dada yake. Dokta Mnuno akamvuta mezani.

"Njoo nikuonyeshe mdomo wa mkubwa wangu," alisema, akafungua kisanduku.

Sahani za vidole zilikuwa na vidoa vyeupe na ukungu kidogo, mambo ya kawaida. Sahani ya Profesa ilikuwa imetapakaa vidoa vya manjano, rangi ya kiini cha yai.

"Si ndiyo huyu mdudu wako?" mdogo wake akauliza. "Kumbe umemleta na yeye."

Dokta Mnuno alichota kidogo, akapaka kwenye kioo, akainamia hadubini. Walikuwa wanne wanne, wameshikana, vilevile alivyowachora yeye mwenyewe kwenye bango lililoning'inia nyuma yake. Na sahani hii haikuwahi kulikaribia bomba lolote. Iliwahi kukaribia kitu kimoja tu.

Mengine yalijipanga yenyewe, na kila lililojipanga lilimpandisha hasira. Siku ya kwanza bakteria hayupo, kwa sababu Profesa hajafika. Asubuhi Profesa anafunua, ananusa, anasimulia goti, anatema mate yake yasiyoonekana juu ya sahani. Usiku unaofuata mate yanaota. Sahani za kulinganishia hazina harufu, hazifunuliwi, zinabaki safi. Bakteria mvivu hakuwapo. Palikuwa na mzee mwenye domo, na mtafiti aliyelitazama domo hilo likifanya kazi yake kila asubuhi, halafu akaliandikia makala.

Walimwita jina lake kabla hajavua glavu. Mshereheshaji, mwenye sauti ya kutangaza sabuni, alimsifu kwa subira, kwamba wengine wangezitupa sahani siku ya kwanza lakini yeye alingoja siku ya pili. Ukumbi ukapiga makofi. Akaenda na sahani mkononi. Njiani aliliwaza jambo moja waziwazi, bila kujionea haya: angeweza kukaa kimya. Wajinga wote hawa wasingejua kamwe. Ufunguo ungekuwa wake kabla ya chakula cha mchana, na mabomba yangebaki yamefungwa. Kule mbele, Profesa alikuwa keshaiweka sawa tai yake, anangoja kushukuriwa.

Akamtazama mzee yule jinsi alivyojitengeneza. Huenda kama si ile tai angenyamaza.

"Kwenye maji hakuna kitu," alisema kwenye kipaza sauti. "Bakteria huyu anatoka kinywani mwa Profesa wangu. Anafunua sahani na kuongea juu yake. Hii hapa ya jana, haikuwa na maji, ilikuwa na yeye tu."

Alinyamaza kidogo ili ameze mate, na ukumbi, uliozoea kwamba mtu akinyamaza hupigiwa makofi, ukapiga makofi. Profesa alisimama, akainama kulia, akainama kushoto. Jaji mmoja aliyekuwa akitafuna biskuti alitikisa kichwa kwa kukubali kabisa.

"Nasema mfungue mabomba," Dokta Mnuno akaongeza, kwa sauti ya kumwambia kiziwi. "Tuzo yenu sichukui."

Hapo makofi yalifia njiani. Mganga mkuu wa hospitali, aliyekaa safu ya pili, alitoa simu na kutoka nje haraka. Profesa alibaki amesimama na kinywa wazi, na jirani yake akasogeza kiti nyuma.

Dokta Mnuno alishuka akiwa mwepesi, karibu mwenye furaha. Alijiona ndiye mtu msafi pekee ndani ya jengo lile. Alipita katikati ya viti bila kumtazama mtu mpaka alipomfikia mdogo wake, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, keshamfunga mtoto vizuri mgongoni.

"Kwa hiyo maji yalikuwa mazima," mdogo wake alisema.

"Mazima kabisa. Ni yule mzee. Kila siku anafunua, kila siku namwona, nimekwambia mara ngapi yule mtu ni..."

"Ulikuwa unamwona."

"Kila asubuhi."

"Na hukumwambia afunge mdomo."

Dokta Mnuno alifungua kinywa aeleze habari za kupendekezwa, za ufunguo, za chumba chenye mlango. Mdogo wake alikuwa anamtazama, na mtazamo wenyewe Dokta Mnuno aliufahamu vizuri, maana ndio aliowatazamia watu wote maisha yake yote. Hakuwahi kutazamwa hivyo na yeyote.

"Mara mbili nimeshonwa, Dada," mdogo wake alisema taratibu, akashika tumbo chini ya kitovu, akatoka.