Jicho Lisilomwona Bi Kirembo

Kizizima ilikuwa nchi ya juu mno, mahali ambapo jua lilichomoza kwa kujilazimisha na kuzama mapema kama mgeni aliyenyimwa kiti. Ukungu wake ulikuwa mzito hata majirani waliamkiana bila kuonana nyuso, na mtoto aliyezaliwa huko alijua kutetemeka kabla hajajua kunyonya. Hata hivyo Muumba hakuitupa nchi hiyo. Chini ya mlima wake palikuwa na maji yaliyochemka yenyewe tangu ardhi ilipotandazwa, na mababu walitoboa mwamba, wakautoa mvuke, wakaupitisha katika mabomba ya shaba hadi kwenye kila nyumba ya mji wa Mvukeni. Mvuke ule haukuwa na mwenyewe, kama vile pumzi isivyokuwa na mwenyewe.

Kileleni, juu ya mapaa yote, lilikaa Kasri la Mtukufu Fukuto na jamaa zake, watu walioitwa Wanajoto. Hao walivaa hariri nyepesi katikati ya kipupwe, wakastawisha mananasi ndani ya vyumba vya vioo, wakaogelea katika madimbwi yaliyofuka mvuke huku barafu ikining'inia nje ya madirisha yao. Mwaka ambao dimbwi la saba lilichimbwa, Mtukufu alitoka barazani akijipangusa jasho na kuwatangazia raia kwamba mvuke unakwisha.

"Mnaufuja," alisema. "Mnapasha joto viti na vyungu."

Aliyeleta tiba ya ufujaji huo alikuwa Bwana Kadiri, Waziri wa Ubanifu, yaani wa kubana matumizi, mtu mwembamba mwenye sauti laini, aliyependa kunyoosha kidole kimoja kila alipotamka neno "akili". Tiba yenyewe ilikuwa kihisi kidogo cha kioo, kama kifungo cha koti, kilichobandikwa ukutani juu ya kila mlango. Watu walikiita Jicho. Jicho likiona mtu anatikisika chumbani, koki ya mvuke ilifunguka. Lisipoona, lilitamka kwa sauti nyembamba ya bati, "Nyumba tupu," na koki ikajifunga. Mvuke uliookolewa uliingia katika bomba jipya lililoitwa Akiba, pana kuliko mengine yote. Kwa nini bomba hilo lilipanda kuelekea kileleni, hakuna aliyeuliza. Hata Mashavu, mfumaji wa mablanketi wa mtaa wa chini, alipiga makofi siku Jicho lilipobandikwa kwake. Nani angetaka kupasha joto vyungu?

Mashavu aliishi na mama yake, Bi Kirembo, aliyekuwa amepooza mwili mzima, hakubakiwa na chochote kilicho hai kwa kutazamwa isipokuwa macho. Kwa macho hayo alitaka uji, aliukataa, alicheka, alimgombeza bintiye akichelewa. Asubuhi Mashavu alimlisha, akamgeuza ubavu, akamfunika, akaenda kwenye banda la wafumaji, kwani asipofuma, hawali. Siku ya kwanza ya Jicho alirudi akaikuta nyumba baridi kama pango. Midomo ya mama ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Mashavu alipovuka kizingiti tu, koki ikafunguka na mvuke ukaanza kuimba mabombani, kana kwamba ulikuwa ukimsubiri yeye.

Alikwenda kwa Waziri, akapiga goti.

"Mheshimiwa, Jicho halimwoni mama yangu."

"Anafanya nini mchana kutwa?"

"Amelala. Amepooza."

"Basi hatikisiki."

"Hatikisiki, mheshimiwa, lakini yumo."

Kadiri alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayemwonea aibu mwenzake. "Kuwemo ni jambo la moyoni, mwanangu. Jicho linataka ushahidi. Tukianza kuwapasha joto wasiotikisika, kesho tutaambiwa tupeleke mabomba makaburini." Akanyoosha kidole. "Tumia akili."

Mashavu alijaribu kuitumia. Alifunga kitambaa dirishani kipeperushwe na upepo, lakini Jicho lilijua kutofautisha mtu na kitambaa. Ndipo jirani yake, Bi Rehani, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kupasua kuta, aliposema, "Shoga, mimi mchana sina la kufanya. Nitamchezea." Kila siku akawa anaingia, anajifunga kanga kiunoni, anakata nyonga mbele ya kile kioo huku akikitukana, na koki inafunguka. Macho ya Bi Kirembo yalikuwa yakitoka machozi ya kucheka. Wiki zile zilikuwa njema kuliko nyingine zote za ugonjwa wake.

Lakini huko juu kulikuwa na watu walioajiriwa kuchunguza joto lisilo na maelezo. Ikatoka amri kwamba kutikisika mbele ya Jicho bila haja ni wizi wa mvuke. Walinzi walimkuta Bi Rehani katikati ya ngoma yake, mikono ikipunga hewani, wakamvunja mkono mmoja kwa rungu pale pale, mbele ya mgonjwa ambaye hakuweza hata kugeuza uso asione.

Baada ya hapo kipupwe kilikaza. Mashavu alimlundikia mama mablanketi, akawa anatoka bandani kwa kujiiba na kukimbia nyumbani ili aonekane kidogo na Jicho, kisha anarudi mbio kufuma. Alasiri moja msimamizi alimzuia mlangoni. Aliporuhusiwa hatimaye, alimkuta Bi Kirembo amekwisha kukata roho, macho yake wazi yakikitazama kile kioo cha juu ya mlango.

Na joto likaja. Lilikuja kwa ukarimu, likamzunguka miguuni, likapanda mgongoni, likauyeyusha ukungu wa dirishani. Hilo ndilo lililomvunja Mashavu kuliko kifo chenyewe. Aliyafumba macho ya mama, akaketi mkekani kando yake, akasema kwa sauti ya chini, "Silitaki." Akatulia kabisa, mpaka ile sauti ya bati ikatamka kwamba nyumba ni tupu.

Majirani walianza kufika. Bi Rehani aliingia mkono ukiwa umefungwa shingoni.

"Pole, shoga. Tuwashe kuni?"

"Tukae tu, shoga. Tukae kama alivyokuwa akikaa yeye."

Wakakaa. Chumba kilijaa watu wazima, mabega yakigusana, na hakuna aliyejikuna wala kukohoa. Na Jicho likawatazama wote likarudia kwamba hakuna mtu. Waliokosa nafasi walirudi kwao, wakaketi matanga vyumbani mwao kwa namna ile ile. Wengine wanasema ulikuwa msiba tu, wengine wanasema yalikuwa maasi. Pengine wenyewe hawakujua. Habari ilipita mtaa kwa mtaa, na kila ilipopita koki zikajifunga moja baada ya nyingine, mpaka Mvukeni nzima ikawa inatamkwa tupu, na mvuke wote wa mlima, uliokuwa ukigawanyika katika maelfu ya nyumba, ukabakiwa na njia moja tu ya kupita.

Inasimuliwa kwamba huko Kasrini walifungua vinywaji kusherehekea ubanifu usio na mfano. Kisha madimbwi yakaanza kutokota, na mananasi yakaiva yakapasuka.

Kadiri aliingia nyumbani kwa Mashavu bila viatu, hariri imemgandia mwilini, nywele zikifuka mvuke.

"Tikisikeni!" alipiga kelele. "Inukeni, mtikisike! Bomba la Akiba haliwezi! Milango imevimba, Mtukufu yumo ndani, na watoto wamo!"

Hakuna aliyeinuka. Akakimbilia chini ya Jicho, akaanza kurukaruka na kupunga mikono, na kweli Jicho lilimwona, koki ya nyumba ile moja ikafunguka, uzi mwembamba wa mvuke ukapita. Bi Rehani alimtazama, akaushika mkono wake uliofungwa, kisha akamgeukia Mashavu kama anayeomba ruhusa. Ruhusa ya nini, uso wake haukusema.

Neno "watoto" lilikuwa limemchoma Mashavu. Aliutazama mkono wake mwenyewe juu ya goti. Ulikuwa mzito, kama wa mtu mwingine. Hakujua wakati ule, wala baadaye hakuweza kumweleza mtu, kama alikataa kuuinua au kama baridi ilikuwa imekwisha kuuchukua.

Kutoka kileleni ulisikika mlio mrefu, mwembamba, ukipanda na kupanda. Kadiri aliendelea kuruka peke yake, akilia sasa, bila maneno. Kisha mlima ukanguruma mara moja, ukanyamaza, na matone ya maji yaliyoanza kuanguka juu ya mapaa ya Mvukeni yalikuwa ya moto.