Gati Hataki Kwenda Bweri

Hilda alifika Bunda asubuhi ya siku ya kufunga shule, amebeba gauni jipya la bintiye na sangara wa kukaanga kwa ajili ya masista wa kituo cha watoto viziwi. Gati alikuwa na miaka tisa, kiziwi tangu kuzaliwa. Alikuwa amekaa bwenini hapo tangu Januari, na hii ilikuwa likizo yake ya kwanza.

Mtoto alitoka darasani mbio, akamkumbatia mama yake na kuinusa kanga yake. Kisha akarudi nyuma kidogo, akatandaza vidole hewani kama mtu anayeanika kitu.

"Anakuita," alisema Mwalimu Brenda, anayefundisha lugha ya alama. "Hapa kila mtu ana jina la mikono. Wewe ni yule anayeanika dagaa."

Hilda alicheka huku akifuta machozi. Tangu amzae, mtoto huyu hakuwahi kumwita.

"Mwambie twende basi. Nitamwacha Bweri kwa shangazi yake kama zamani, mimi niwahi mzigo wa dagaa soko la Mwigobero."

Mwalimu akaanza kusema kwa mikono. Alipofika kwenye shangazi, aliinama akajishika kifundo cha mguu.

"Hilo nalo ni jina?" Hilda aliuliza.

"Gati alimpa mwenyewe. Nilidhani shangazi anavaa kikuku."

"Wifi yangu? Hajawahi kuvaa kikuku."

Walipogeuka, Gati hakuwapo. Walimkuta bwenini, ameukumbatia mguu wa kitanda kwa mikono yote miwili. Mwalimu Brenda alikaa sakafuni karibu naye, akamsubiri mpaka akaachia mkono mmoja, halafu wa pili. Mikono ile midogo ikaanza kusema. Mwalimu aliitazama bila kutafsiri, mpaka Hilda akamgusa bega.

"Anasema kamba," alisema polepole. "Mguuni. Kwenye nguzo ya jikoni. Mama akienda, anafungwa. Mama akikaribia kurudi, anafunguliwa." Akamgeukia Hilda. "Na haja ndogo alikuwa anajisaidia hapo hapo."

Hilda aliijua alama iliyokuwa kwenye kifundo cha mguu wa mtoto. Wifi yake Dotto alimwambia ni viatu vya plastiki vinambana mtoto, naye akanunua vikubwa zaidi. Alama haikuisha, akanunua vingine.

Alimwomba mwalimu abaki na Gati, akapanda gari kurudi Musoma, moja kwa moja hadi Bweri.

Dotto alikuwa uani akichambua maharage. "Karibu, wifi. Mtoto yuko wapi?"

"Ulikuwa unamfunga?"

Dotto hakushtuka wala hakukana. Alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Nilikuwaga namfunga, ndiyo. Bodaboda zinapita hapo mbio, na yeye hasikii honi. Nina shamba, nina wanangu. Ungefanyaje wewe?"

"Ungeniambia."

"Mumeo alijua. Kamba alileta yeye."

Hilda aliegemea nguzo ya jikoni. Macho yake yakateremka. Chini, karibu na ardhi, mti ulikuwa umelika na kung'aa kama mpini wa jembe la zamani. Kila jioni alipokuja kumchukua mtoto alikuwa akisimama hapa hapa, anakunywa chai na kumshukuru wifi yake.

Alimpigia simu Werema, mumewe, aliyekuwa akijenga nyumba ya mtu huko Butiama. Alimuuliza kuhusu kamba.

"Ningekwambia, ungeacha biashara," alisema Werema. "Tungekula nini, Mama Gati?"

Hilda akakata simu.

Hakurudi nyumbani. Alipanga chumba Bunda, karibu na kituo, akaanza kuuza dagaa kwenye soko la huko. Jioni alikaa na Gati kwa Mwalimu Brenda, wawili hao wakimfundisha alama za maji, chakula, njoo, pole. Hiyo ya mwisho aliirudia mpaka mtoto akachoka, akamshika mikono ili aiache.

Jumapili Werema alikuja, saruji ingali kwenye viatu. Gati alimkimbilia, akarushwa juu, akacheka kwa ile sauti yake nene. Hilda aliwatazama akiwa mlangoni.

Werema alimshusha mtoto. "Anajua?" aliuliza bila kumtazama mkewe.

"Kuhusu wewe, hajui."

"Mwambie basi. Wewe umeshajifunza kidogo."

"Mimi simwambii. Utajifunza, umwambie kwa mikono yako. Na mpaka siku hiyo, sisi tunakaa hapa."

Werema alikaa kwenye benchi, kofia magotini. Jumatatu mafundi wenzake Butiama walimsubiri, hakutokea. Alikuwa Bunda, amekaa mbele ya Mwalimu Brenda, akijaribu kukunja vidole vyake vigumu.