Makande ya Rozari Tatu

Bibi Blandina hakuwa na saa jikoni wala hakuitaka. Makande yake aliyapima kwa rozari: mahindi yachemke rozari mbili, maharage yaingie, ya tatu ikiisha ndipo chumvi na maziwa. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi jumuiya nzima ilisali uani kwake, ikala, ikalamba vidole. Hata padre, akipandishwa huku milimani kwa pikipiki kutoka Same, alianza kuuliza kama kuni zimewashwa, ndipo akauliza habari za wagonjwa. Tusimlaumu, barabara ile humtia mtu njaa ya siku mbili.

Sasa bibi alikuwa ametimiza mwaka kaburini, nyuma ya migomba, na aliyeshika mwiko siku ya misa ya kumbukumbu alikuwa Careen, mjukuu ambaye bibi alimlea tangu akiwa na meno ya maziwa. Alijitakia mwenyewe. Shangazi yake Yudith alishapanga kuleta wapishi wa mjini na pilau yao, kisha nyumba ifungwe, maana nani atakaa huku? Careen mwenyewe anasuka nywele Same. Wakabishana mpaka Yudith akasalimu amri.

"Haya, pika," alisema. "Watu wakila wakamkumbuka mama, jumuiya iendelee kusali hapa, na wewe uje uwapikie. Yakikushinda, nafunga mlango, na machozi sitaki."

Yudith si mtu mbaya. Alikuwa hawezi tu kulitazama jiko la mama yake likiwa limepoa.

Basi Careen alifuata kila kitu. Aliloweka mahindi yaliyokobolewa, akawasha kuni zilezile za mkaratusi, akainjika lile sufuria kubwa, na wenzake walipokwenda kanisani akabaki jikoni na rozari mkononi. Mbili, akatia maharage. Ya tatu. Wala hakuruka punje hata moja ya rozari, masikini. Alisali tu kama vijana wanavyosali, maneno yakisukumana mlangoni.

Watu wakarudi kutoka misani, wakajaa uani, sahani zikapangwa. Yudith akaingia jikoni, akachota kijiko, akatafuna. Akaendelea kutafuna.

"Careen," alinong'ona, "mahindi haya hata hayajui kwamba yapo motoni."

Careen alionja mwenyewe, akasikia kokoto. Aliona mlango umefungwa, nyasi zimeota uani, na yeye ndiye aliyeufunga.

Wakati huohuo Mzee Zefania akachungulia. Huyu ni jirani wa mpakani, Msabato aliyehamia kutoka Suji, na kwa miaka mingi yeye na bibi walitaniana kuhusu siku ya kusali, naye hakukosa sahani yake ya makande.

"Shikamoo babu," Careen alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimevumilia misa yenu yote. Mbona chakula hakiji?"

"Hayajaiva, babu. Na rozari tatu nimesali, kama bibi."

"Hebu sali kidogo nisikie."

Careen akasali Salamu Maria mbili. Mzee akacheka mpaka akashika kizingiti.

"Kwa mwendo huo hata chai haichemki! Bibi yako kila punje ilikuwa na mtu wake. Akimaliza Salamu Maria moja anamtaja mtu, anamweleza Mungu shida zake zote, ndipo anahamia nyingine. Mimi napalilia kahawa hapo mpakani, nasikia. Nikimwuliza, 'Mama Yudith, umefika wapi?' ananijibu, 'Tulia wewe, kwako bado sijafika.'"

Careen alisimama na mwiko mkononi. Alikumbuka ule mnong'ono wa Kipare kati ya punje na punje. Alipokuwa mtoto alidhani bibi anagombana na moshi.

Akajifuta uso kwa kanga, akatoka uani, akasema mbele ya watu wote kwamba makande hayajaiva na kosa ni lake. Akaomba wasali rozari pamoja, kwa mwendo wa bibi, kila mmoja ataje mtu. Minong'ono ikaanza, maana njaa haina adabu. Padre akatazama jua, akalitazama sufuria, akavua saa yake na kuitia mfukoni.

"Tuanze," alisema.

Wakaanza. Elinaza, mwenyekiti wa jumuiya, alimtaja kijana wake aliye mbali. Mwingine aliwataja vibarua wa mkonge kule bondeni, waliokuwa wakipanda kununua ndizi na bibi akiwaongezea chane ya bure. Mtu akamtaja ng'ombe wake mgonjwa, na hakuna aliyecheka sana. Zamu ya Zefania ilipofika akasema, "Hayo maombi yenu siyajui, lakini watu nawajua," akamtaja Blandina. Hapo Yudith, aliyekataza machozi, akalia wazi kama mtoto. Careen alikuwa akienda na kurudi, anachochea moto na kuitikia, na harufu ikaanza kutoka nje yenyewe.

Jua lilikuwa limeinama Yudith aliporudi jikoni na kijiko. Safari hii hakutafuna sana. Alitoa ufunguo wa nyumba kwenye pochi yake, akautundika kwenye msumari ulipokuwa ukikaa siku zote, akaanza kupakua.

Careen alimpelekea Mzee Zefania sahani iliyojaa, akakaa karibu naye. Kuna jambo lilikuwa linamkereketa.

"Babu, na mimi punje yangu ilikuwa ipi?"

Mzee alimeza kwanza. "Wewe? Wewe hukuwa na punje. Akisahau nani anafuata, alikuwa anasema, 'Careen, mjukuu wangu,' mpaka jina limrudie, halafu anaendelea."

Akachota kijiko kingine.

"Na ile miaka ya mwisho, mwanangu, alikuwa anasahau sana."